Shule inageuka mchanganyiko Januari? Hivi ndo unavyowaandaa walimu na wafanyakazi

Kila likizo ya mwezi wa sita ikikaribia naanza kupokea meseji za aina moja. Mwalimu, bodi imepitisha, Januari tunapokea wasichana, tuanzie wapi? Wengine ni kinyume chake, shule ya wasichana inataka kuingiza wavulana. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja kwa simu, sasa nayaweka yote hapa, ukishasoma ukabaki na swali la shule yako peke yake hilo tutaongea.

Nitangulize msimamo wangu. Watoto sio tatizo. Hao wa fomu wani wametoka shule ya msingi juzi tu, wamekaa miaka 7 darasa moja wavulana kwa wasichana na hakuna aliyeona ajabu. Anayehitaji kufundwa ni mtu mzima aliyekaa miaka kumi na kitu kwenye shule ya wavulana watupu, amezoea kusukuma mlango wa bweni alfajiri bila hodi, amezoea kuita watoto majina anayotaka, na siku ya kwanza ya muhula mpya ataendelea vile vile kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Na sio mwalimu tu. Mlinzi, mpishi, dereva, mama wa kantini, fundi bomba, wote hao.

Mimi niko Tanga mjini kwa hiyo mifano yangu ni ya huku kwetu pwani, aliye Njombe mambo ya joto na madrasa arekebishe kivyake.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Kibali mkononi. Usajili wa shule unaonyesha inapokea nani, hivyo huwezi kubadilisha kwa muhtasari wa kikao cha bodi peke yake, pitia kwa Afisa Elimu upate maandishi. Nimeona watu wanaandaa walimu huku kibali hakipo, stafu nzima inakaa mguu ndani mguu nje, hakuna anayechukulia semina kwa uzito.

Muda wa muhula mzima. Kama wanafunzi wanaingia Januari, anza Julai. Kama ni wa fomu faivu wanaoingia Julai, anza Januari hiyo hiyo. Semina ya siku moja wiki ya kufungua shule ni kupoteza hela ya soda.

Hesabu ya vyoo. Kiwango cha kitaifa ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Hesabu na vya walimu pia, manake shule nyingi za wavulana zina choo kimoja tu cha stafu na madam wawili waliopo wamekuwa wakivumilia miaka yote.

Walimu wa kike wa kutosha kushika zamu, na matroni aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Mke wa mwalimu "anayesaidia saidia" sio matroni.

Hela kidogo ya pedi, kufuli mpya, mapazia na taa za njiani. Kuhusu pedi usipange bajeti ukitegemea bei ishuke, VAT iliondolewa 2018 ikarudishwa 2019.

Daftari kubwa moja, la kuandika nani anafanya nini. Utaliona kazi yake hatua ya 4.

HATUA YA 1: Orodhesha kila mtu mzima anayepita getini

Sio walimu tu waliopo kwenye pei roli. Andika vibarua, anayeleta kuni, anayeleta samaki, kijana wa bodaboda anayetumwa mjini kila siku, fundi anayekuja kurekebisha pampu, walimu wa kujitolea, wa mazoezi kutoka chuoni, ustadhi anayekuja Alhamisi na mchungaji anayekuja Jumapili. Kila mmoja andika anafika wapi ndani ya shule na saa ngapi.

Ukimaliza orodha hiyo utashangaa. Shule ya bweni ya kawaida ina watu wazima ambao mkuu wa shule hajui hata majina yao lakini wanaingia mpaka uani kwenye mabweni. Hao ndo wa kuanza nao, kabla ya walimu. Mwalimu ana tume yake ya utumishi, ana ajira anayoiogopea, kibarua wa kuni hana cha kupoteza.

HATUA YA 2: Kikao cha kwanza waache walalamike

Usifungue kwa hotuba ya usawa wa kijinsia, watu watatikisa kichwa huku wanachati chini ya meza. Uliza swali moja tu: mnaogopa nini? Halafu kaa kimya uandike.

Utasikia ya kila aina. Mmoja ataogopa kusingiziwa. Mwingine atasema matokeo yatashuka, mzee wa hesabu atasema yeye hajui kukemea mtoto wa kike bila kumliza, madam atasema sasa kazi zote za malezi zitatupiwa yeye kwa sababu ni mwanamke. Huyu wa mwisho msikilize vizuri sana maana mara nyingi yuko sahihi. Na wale wanaoogopa kusingiziwa usiwacheke, hofu yao ndo itakusaidia baadaye ukianza kuweka taratibu za milango wazi na daftari, kwa sababu taratibu zile zile zinazomlinda mtoto zinamlinda na wao.

Kikao hiki kiwe na wote kuanzia makamu mkuu mpaka mlinzi wa usiku, ila mlinzi hataongea mbele ya mkuu, kwa hiyo wafanyakazi wasio walimu wapangie na kikao chao, kiongozwe na mtu wanayemzoea.

HATUA YA 3: Someni sheria kwa Kiswahili, kila mtu asaini

Hapa usizunguke. Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, na anayeoa au kuolewa na mwanafunzi, kifungo ni miaka 30. Aliyesaidia naye ana adhabu yake. Mkuu wa shule anatakiwa kutunza kumbukumbu na kutoa taarifa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo ule utani wa "huyu wa fomu foo ni mkubwa" uishe siku hiyo hiyo. Na hata wa fomu siksi mwenye miaka 19, kwako wewe mtumishi wa shule ni mwanafunzi, basi.

Someni pia Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021, ule unaoruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali ikiwemo ujauzito kurudi masomoni. Kuna walimu mpaka leo wanadhani binti akipata mimba safari yake imeishia hapo, na wanasema hivyo hadharani.

Halafu andikeni sheria zenu za ndani, ukurasa mmoja, lugha nyepesi. Zangu huwa hivi:

- Hakuna mwanafunzi kutumwa nyumbani kwa mwalimu, awe wa kike awe wa kiume. Sio kuchota maji, kufua, kupika wala kubeba mtoto.
- Hakuna tyusheni nyumbani. Tyusheni ni darasani, milango wazi, zaidi ya mwanafunzi mmoja.
- Hakuna mwalimu kuchati na mwanafunzi mmoja mmoja WhatsApp. Kuna grupu la darasa na mzazi yumo au mwalimu wa pili yumo.
- Hakuna kumpakia mwanafunzi kwenye pikipiki yako.
- Hakuna kusema lolote kuhusu mwili wake, hata la kusifia.

Ile ya kwanza ndo itakayoleta ugomvi, jiandae. Kutuma watoto ni mazoea ya miaka na walimu wengi hawaoni ubaya wake, watakwambia na sisi tulitumwa. Usikubali "isipokuwa". Ukiruhusu kuchota maji kesho ataingia ndani kuweka ndoo jikoni.

HATUA YA 4: Pitia siku nzima, saa kwa saa, kwa jina la mtu

Hii ndo hatua yenyewe, nyingine zote unaweza kuzifupisha ila hii hapana. Chukua lile daftari, kaeni walimu wa zamu, matroni, patroni, mpishi mkuu na mlinzi mkuu, muanze saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tano usiku, kila tukio mnauliza: nani anasimamia, yuko wapi, na akiumwa nani anachukua nafasi yake. Jina la mtu, sio "mwalimu wa zamu".

Kuamsha. Bweni la wasichana anaamsha matroni. Mwalimu wa kiume hapiti hata ule uwanja wa mbele yake, mkuu wa shule mwenyewe akiwa na ukaguzi anaingia na matroni na amebisha hodi. Bweni la wavulana ni patroni. Madam naye hodi.

Kuoga. Shule za wavulana huku kwetu na joto hili watoto wanaoga nje penye bomba, jioni ukipita unawaona na sabuni zao kichwani wanaimba. Hiyo inaisha kabla mabinti hawajafika, na kuisha kwake kunataka bafu zenye milango na maji yanayofika ndani. Tangazo paredi peke yake halitoshi.

Usafi wa asubuhi. Angalia msije mkawapa wasichana kufagia na wavulana kupiga kengele. Inatokea yenyewe bila mtu kupanga, wiki ya pili tu utakuta wavulana wanasubiri madarasa yafagiliwe. Zamu ziende kwa namba za darasa.

Ukaguzi wa mabegi na masanduku. Wa kike akaguliwe na wa kike, mbele ya shahidi wa kike, na sio kwenye korido.

Swala. Wapi wasichana wanatawadha na wapi wanaswali, hilo lijulikane kabla. Ijumaa adhuhuri nusu ya walimu wa kiume wameenda msikitini, wavulana wengi nao, shule inabaki na nani? Mnapanga jina. Mwezi wa Ramadhani kuna daku, jiko linafunguliwa usiku wa manane, nani anawatoa mabinti bwenini kwenda kula na nani anawarudisha. Hili watu wanalisahau kila mwaka halafu linawashtukiza.

Michezo. Kiwanja kimoja, mpira wa miguu umekihodhi tangu enzi za mkonge. Weka siku za netiboli kwenye ratiba, sio "wakimaliza wenzenu". Mavazi ya michezo yazingatie wanaovaa hijabu, na timu ikisafiri UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya sekondari, au mechi ya kirafiki Muheza gari la wasichana lina madam ndani, hana nafasi hakuna safari.

Prepu ya usiku. Njia kutoka madarasani kwenda mabweni iwe na taa, itembeeni wenyewe usiku mjionee kona zilizo giza. Umeme ukikatika utaratibu ni mmoja na wote wanaujua: kila mtu anabaki kwenye kiti, mwalimu wa prepu anawasha tochi, matroni anakuja kuchukua wasichana kwanza, wavulana wanafuata. Fanyeni zoezi lake kabisa, zimeni taa mchana kweupe mkiwa bado mna muda, hata kama watu watacheka.

Mgonjwa wa usiku. Binti anaumwa tumbo saa saba, anapelekwa hospitali ya Bombo na nani? Jibu ninaloambiwa mara nyingi ni "dereva atampeleka". Hapana. Dereva na matroni, au dereva na madam aliye zamu, na inaandikwa wametoka saa ngapi wamerudi saa ngapi. Gari ikiwa mbovu inaitwa teksi au bajaji inayojulikana na shule na matroni anapanda humo humo.

Funguo. Hapa panasahaulika kuliko kote. Shule zilizokaa miaka mingi zina funguo za ziada zimetapakaa, moja kwa patroni aliyestaafu, moja kwa fundi. Badilisha vitasa vya bweni la wasichana vyote, funguo mbili tu, moja ya matroni na moja ndani ya bahasha iliyogongwa muhuri ofisini kwa mkuu.

HATUA YA 5: Darasani

Mwalimu mzuri wa wavulana hawi moja kwa moja mwalimu mzuri wa mchanganyiko. Wavulana wanajibu bila kunyoosha mkono, wanarusha rusha majibu, mwalimu anachukua la kwanza analosikia anaendelea. Ukifundisha hivyo kwenye mchanganyiko utamaliza muhula hujasikia sauti ya binti hata mmoja na utasema hawajui.

Mambo manne ya kufanyia mazoezi muhula huu kabla hawajaja. Ukiuliza swali hesabu mpaka tano kimoyomoyo ndo uchague wa kujibu. Taja jina, usisubiri mikono. Maabara, wapeane zamu za kushika vifaa, kwa sababu bila hivyo mvulana anashika bureti na msichana anaandika matokeo kwa mwandiko mzuri, na siku ya mtihani wa vitendo huyu wa mwandiko mzuri hajawahi kufungua hiyo bureti. Na ufute kabisa sentensi za "hata msichana amepata" na "fizikia sio ya kina dada".

Waambie walimu watembeleane madarasani wawili wawili, mmoja anafundisha mwingine anachora alama: nani kaulizwa, nani kajibu, nani kakatizwa. Kwa sasa wapo wavulana tu, basi mchore wa mbele na wa nyuma, tabia ni ile ile, atakayejiona anawauliza watano wa mbele tu ajue na mabinti atawafanyia hivyo.

Usiwapange darasani wavulana upande huu wasichana upande ule kama harusi. Wala usilazimishe mvulana-msichana-mvulana-msichana. Wapange kwa namba, badilisha kila mwezi.

HATUA YA 6: Adhabu

Kanuni za viboko za 2002 zinasema visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa na mkuu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama shule inaye, na iandikwe kwenye daftari. Walimu wengi wa shule za wavulana wakisikia hivi wanashtuka, kila mmoja anatembea na fimbo yake. Mimi ushauri wangu ni kwamba tumieni nafasi hii muziache fimbo kabisa kwa wote, manake ukichapa wavulana ukawaacha wasichana umetengeneza chuki mwenyewe, na ukimpa madam kazi ya kuchapa mabinti wote huyo hataendewa tena na binti mwenye shida.

Kichurachura, kugaragara, kupiga magoti kwenye kokoto, kumwagiana maji, hizo msizijadili. Zimeisha.

HATUA YA 7: Hedhi, na wanaume wawepo

Kosa kubwa ni kuwaita madam peke yao kwenye kikao hiki. Anayefundisha kipindi cha tano ni mwanaume, binti anamwomba yeye ruhusa ya kutoka. Kwa hiyo wote wakae wasikilize, nesi wa zahanati ya jirani aje aeleze kwa dakika arobaini, aibu itaisha dakika ya kumi.

Wanachotakiwa kutoka nacho ni kifupi. Akiomba kutoka, mruhusu bila kuuliza sababu mbele ya wenzake. Akichafuka sketi usiseme kitu, mwite dada wa darasa amtoe na sweta au kanga. Mvulana akicheka, huyo mvulana ndo ana kesi. Pedi ziwepo sehemu mbili, kwa matroni na kwenye sanduku ndani ya choo, sio kabatini kwa mhasibu mpaka usaini vocha. Choo kimoja kiwe na maji ndani, ndoo yenye mfuniko na pa kuchomea taka, na mfanyakazi wa usafi aelezwe kazi hiyo mapema na aongezewe glovu.

HATUA YA 8: Visa kwenye kapu

Andika visa kwenye vikaratasi, weka kwenye kapu, kila kikao cha stafu mtu anachomoa kimoja anasoma kwa sauti na kujibu angefanya nini. Nusu saa inatosha. Nakupa vya kuanzia.

Mwanafunzi wa fomu tuu kakutumia meseji saa nne usiku, "sir nimekumiss". Jibu: hujibu chochote. Kesho asubuhi unamwonyesha mwalimu wa malezi, madam, yeye ndo anaongea na mtoto. Usifute meseji. Watu wengi hukimbilia kufuta, na kufuta ndo kunakufanya uonekane mwenye jambo.

Mlinzi kamwona mwalimu anatoka stoo ya maabara na mwanafunzi saa kumi na mbili jioni. Mlinzi huyu analipwa kidogo, mwalimu anamwita "kijana wangu" na humpa hela ya sigara, ataripoti kwa nani? Kama jibu ni "kwa mkuu wa shule" peke yake, hataripoti. Lazima kuwe na njia ya pili. Dawati la ulinzi wa mtoto la shule liwe na watu wawili wanaojulikana kwa sura, mmoja mwanamke, na namba 116 ya simu kwa mtoto iandikwe ukutani jikoni, getini, chooni na bwenini.

Mtu kaja Jumamosi anasema ni mjomba, anamchukua binti kwenda harusini Pangani, ana heshima zake na kanzu safi. Hayumo kwenye karatasi ya mzazi. Jibu: harusi itamkosa. Mlinzi apewe nguvu hiyo kwa maandishi, la sivyo mjomba akimpigia simu makamu mkuu geti linafunguliwa.

Binti kamwambia mpishi kwamba kuna mwalimu anamsumbua. Sio kamwambia wewe, kamwambia mpishi. Mpishi asihoji, asiahidi siri, aseme "umefanya vizuri kuniambia, twende kwa madam fulani". Halafu linaenda ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Haliendi kwa wazee wa mtaa kuyamaliza, hata wazazi wakitaka, na huku kwetu watataka, watakuja na mzee mwenye busara zake na maneno matamu. Mwambieni shikamoo, mpeni kiti, kesi iendelee.

Mwalimu wa kike kijana wa kujitolea anapigiwa miluzi na fomu siksi. Stafu wengi watacheka kwenye hiki. Usiwaache wacheke. Wavulana wanaopiga miluzi kwa mwalimu watafanyaje kwa mtoto wa fomu wani?

HATUA YA 9: Wazazi

Kikao kimoja kabla ya kufungua, kingine katikati ya muhula. Wapitishe wakaone bweni, bafu, njia na taa, watambulishe matroni kwa jina. Akinamama wa huku watauliza maswali makali kuliko mkaguzi, nani analala karibu na watoto, geti linafungwa saa ngapi. Jibu kwa kuwaonyesha. Mzazi akisema mwanangu ana somo wake, yaani kungwi, wa mambo ya kikubwa, msibishane, mwambieni tu shule nayo itafundisha afya na ulinzi wake kwa namna yake.

HATUA YA 10: Wiki mbili za mwanzo

Makamu mkuu na matroni wakutane kila jioni dakika kumi na tano, wafungue lile daftari, waone ni jina gani halikuwepo mahali pake. Usisubiri kikao cha mwisho wa mwezi. Wiki ya tatu punguzeni iwe mara mbili kwa wiki.

YAKIKWAMA

Walimu wa kike hatupati. Zungumza na Afisa Elimu mapema kuhusu uhamisho, tafuta wa kujitolea, lakini bila madam wa kushika zamu za usiku usifungue bweni la wasichana. Anza na wa kutwa. Watoto wa Makorora, Chumbageni na Mikanjuni wanaweza kurudi nyumbani, mwaka unaofuata mtaongelea bweni.

Wasichana ni wachache mno, sita kwenye darasa la wavulana arobaini. Usiwatawanye mikondo yote ili kila mwalimu "apate wasichana". Waweke mkondo mmoja au miwili wawe kundi. Binti mmoja peke yake darasani anageuka maonyesho.

Stafu wameingiwa na hofu, kila mvulana na msichana wakiongea wanapelekwa ofisini. Hii inatokea sana mwezi wa kwanza. Sheria iwe mahali na saa, sio maongezi. Penye watu na mwanga waongee mpaka wachoke, nyuma ya mabafu hata wavulana wawili hawana kazi huko.

Mzee mmoja wa stafu kagoma, anasema hii shule imeharibika. Mpe kazi, mfanye msimamizi wa zamu za maabara au mlezi wa klabu ya hesabu yenye jinsia zote. Wengi wanageuka wakishapata binti mmoja anayewasumbua kwa maswali ya hesabu. Asipogeuka na akaanza kudhalilisha watoto, hilo sio suala la mtazamo tena, liandikwe na lifuate ngazi za nidhamu.

Shule yetu ni ya wasichana tunapokea wavulana. Karibu kila kitu hapo juu ni kile kile, ila jihadhari na uongozi. Kwenye shule ya wasichana binti ndo dada mkuu, ndo anabeba meza, ndo anafungua maabara, ndo fundi wa spika siku ya mahafali. Wavulana wakifika, walimu bila kujua wanaanza kuita "njooni vijana mbebe viti", na ndani ya muhula mmoja wale mabinti wamekaa pembeni. Nafasi za viranja ziwe mbili mbili, na kazi alizokuwa anafanya binti abaki nazo.

Matokeo ya mtihani wa kwanza yameshuka na watu wanasema mnaona. Kabla ya kulaumu uchanganyaji angalia darasa limeongezeka watu wangapi, vitabu vimeongezeka, mwalimu wa kemia kahama lini.

Shule inafunguliwa baada ya wiki mbili na hatujafanya lolote. Basi fanya hivi kwa mfuatano huu: badilisha vitasa leo, sheria za ndani zisainiwe kesho na wote mpaka mlinzi, halafu siku tatu za hatua ya 4 na daftari, pedi na taa wiki ya pili. Na kama matroni bado hajapatikana, wapigie wazazi waambie mabinti wataanza kama wanafunzi wa kutwa, wanaotoka mbali waripoti mwezi mmoja baadaye.